Jani Kichwani mwa Gitaa

Karakana ya Bi Randa ina dirisha moja tu, na kuanzia adhuhuri jua huingia pale na kupita katikati ya vumbi la mbao kama mgeni aliyeizoea nyumba. Magitaa yananing'inia ukutani, mengine hayana nyuzi, mengine hayana vichwa. Upepo ukipita, moja au mawili hunong'ona. Ukikaa humo kwa muda, hujui tena kama unasikia au unakumbuka.

Nilikaa kwa muda. Nilimpelekea gitaa la umeme lililoanguka likiwa ndani ya mfuko wake, likavunjika pale aina ile inapovunjikia siku zote, nyuma ya kichwa. Bi Randa alilizungusha mikononi bila kushangaa. Kichwa hiki, alisema, kimelala nyuma ili nyuzi zikandamizwe vizuri, lakini kukilaza ni kuikata mbao mahali inapohitaji nguvu. Vichwa vilivyonyooka na shingo havivunjiki ovyo, ila nyuzi nyembamba huelea juu yake, mpaka uzitilie kijichuma cha kuzishika chini. Kila kichwa na maradhi yake, alisema, hata hivi vyetu. Akapaka gundi, akakibana kwenye jiriwa, akaniambia nitafute pa kukaa, maana gundi haina haraka za wasafiri.

Mlangoni alikuwa amekaa mama yake, mwanamke mnene, mtulivu, macho yake meupe kidogo kama maji yenye ukungu. Alikuwa anakunja uzi wa kushonea kwenye kipande cha mbao chenye umbo la nusu jani, kilichopakwa vanishi nyekundu. Kilikuwa kizuri mno kwa kazi ile. Nikauliza kimetoka wapi, na Bi Randa akacheka kabla hajajibu.

Mama alikuwa mshonaji. Kwa miaka mingi nusu ya mtaa ililaza vichwa kwenye foronya zake, na kila foronya ilikuwa na jani lile lile: pana, lenye ncha mbili zilizokunjuka nje, moja kushoto, moja kulia, kama mtu anayefungua mikono. Katika nyumba ile kila kitu kilianza na jani. Bi Randa, aliyejifunza useremala kwa mjomba, alilichonga kwenye milango ya makabati na miguu ya vitanda, na hakuna aliyelalamika. Mlango wa kabati haujali umeanza kuchorwa wapi.

Kisha macho ya Mama yakafifia. Aliweka sindano chini bila maneno, kama mtu anayemwachia mwenzake kiti. Ilikuwa karibu na wakati huo ndipo mdogo wake Bi Randa, anayeitwa Kidole na wote kwa jinsi anavyopiga gitaa la solo, alipomwomba dada yake amtengenezee gitaa lake mwenyewe. Bi Randa hakuchukua rula. Alichukua foronya. Aliilaza juu ya mbao nyekundu, akafuatisha jani kwa penseli, na kichwa cha gitaa kikawa jani la Mama. Baada ya hapo ndipo alipofikiria nyuzi zitapita wapi. Alizifungia kwenye ncha za jani, tatu huku, tatu kule, kwa sababu ndipo funguo zilipopendeza.

Lilikuwa gitaa la kutazamwa. Kwenye jukwaa taa zilipolipiga, jani lilielea juu ya bega la Kidole kama kitu kilichoota pale. Watu walikuja kumpa Mama mkono. Yeye alikaa kiti cha mbele kila bendi ilipopiga, uso ameuinua, na kila aliyepita alimwambia jani lake limependeza. Tangu aache kushona, hicho ndicho kitu pekee kilichomfanya avae kilemba kizuri.

Ila gitaa halikutulia. Kidole alikuwa na mtindo wa kuuvuta uzi pembeni mpaka sauti ipande na kulia, kisha kuuachia urudi. Uzi ulirudi, lakini sauti ilikuwa imeshuka kidogo, unywele tu, kiasi cha kumfanya mwimbaji ageuze shingo. Kidole alikuwa anakaza ufunguo kati ya beti. Ufunguo ulizungushwa, sauti ikakataa kupanda, kisha ghafla, tiki, ikaruka kupita pale alipoitaka. Alianza kuogopa masikio yake mwenyewe.

Bi Randa alibadilisha funguo, akaweka za bei kubwa. Alibadilisha nyuzi. Alitia unga wa penseli wa kulainisha kwenye vijia vya kile kipande cha mfupa ambacho nyuzi hukivuka zikitoka shingoni kwenda kichwani. Yeye hukiita kizingiti. Kila dawa ilifaa kwa wimbo mmoja au miwili, kisha yale yale. Kiongozi wa bendi, mtu aliyeitwa Kapteni ingawa hajawahi kuongoza chombo chochote, alilitazama jani na kusema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Akaongeza, kwa upole ambao ulikuwa mbaya zaidi, kwamba bendi imepata mwaliko wa harusi ya tajiri mmoja, kwamba wimbo wa polepole unamtegemea Kidole peke yake, na kwamba gitaa likiteleza tena pale, solo atapewa mwingine.

"Nipe la kuazima basi," Kidole alimwambia dada yake. "Mama hatajua."

"Mama atajua kabla hujalivaa. Wataambizana mpaka mlangoni."

Hapo ndipo Bi Randa alipokuwa amekwama, kati ya mkate wa mdogo wake na kilemba cha mama yake.

Siku moja baada ya chakula cha mchana alijilaza juu ya takataka za randa, chini ya lile dirisha, jua likimpapasa miguu. Akaota shangazi zake sita wanatoka nyumbani kwa mlango mmoja. Kila mmoja alikwenda na shughuli yake, na kila mmoja aliahidi kurudi mara moja. Wale wawili waliokwenda moja kwa moja mbele walikuwa wamerudi hata mlango haujatulia. Waliokata kona mlangoni walikawia. Bi Randa akachungulia, akawakuta wameegemea ukuta, pale pale kwenye kona, wanazungumza. Wakamwambia tunakuja, mwanetu, tunakuja. Wakarudi polepole, kila mmoja na kisingizio chake, na waliochelewa zaidi ni wale waliokwenda pembeni kabisa.

Aliamka anacheka. Aliendelea kulala pale, macho wazi, akitazama vumbi linavyopanda katika mwanga, na kicheko kikamwisha taratibu. Alikuwa ameelewa, na alitamani asingeelewa. Kosa halikuwa kwenye funguo wala kwenye masikio ya mtu. Nyuzi zilikuwa zinavuka kizingiti na kukata kona papo hapo kuzifuata ncha za jani. Uzi ukivutwa, unateleza kidogo kwenye kijia chake. Ukiachiwa, unaegemea ukuta wa kile kijia na kubaki hapo, kama shangazi. Unga wa penseli ulikuwa unawasihi tu wafupishe mazungumzo.

Aliingia ndani, akafungua sanduku la kushonea la Mama, akachukua nyuzi za rangi. Alizivuta kutoka kila kijia cha kizingiti, zimenyooka kabisa, moja kwa moja mpaka mwisho wa mbao. Zilijikusanya katikati kama njia nyembamba ipitayo shambani. Huku na huku, nje ya ile njia, lilibaki jani lote.

Kidole alipomkuta na msumeno mkononi, alishika shingo ya gitaa isitikisike, na kumbe analia. Msumeno ulipita kushoto, ukapita kulia. Ncha mbili zikaanguka, na matundu ya funguo ndani yake. Kilichobaki kilikuwa kichwa chembamba, kimenyooka, bila hadithi. Bi Randa alitoboa matundu mapya pale nyuzi za rangi zilipomwelekeza, akapiga msasa, akapaka vanishi. Hawakumwambia Mama. Walikubaliana watamwambia baada ya harusi, yaani hawakujua watamwambia lini.

Ukumbini, mchana wa harusi, Mama alikaa kiti cha mbele na kilemba chake, kati ya wageni wa tajiri wasiolijua jani. Wimbo wa polepole ukafika. Kidole aliuvuta uzi, sauti ikapanda, ikalia, ikaning'inia juu ya meza zote mpaka vijiko vikanyamaza, kisha akauachia. Ulirudi nyumbani. Ukarudi mara ya pili, na ya tatu. Mkono wake haukugusa ufunguo hata mara moja. Kapteni alikuwa amefumba macho. Bi Randa hakumtazama Kapteni. Alimtazama Mama, na Mama alikuwa ameinamisha kichwa pembeni, kama mtu anayesikiliza hatua za anayemjua.

Viti vilipoanza kupangwa, Mama akaomba ashikishwe gitaa. Vidole vyake vilipanda shingoni, vikavuka kizingiti, vikafika mwisho mapema kuliko vilivyotarajia.

"Mwiko wa ugali," alisema.

"Mama, nimelikata jani," Bi Randa alisema. "Nisamehe."

"Nimesikia limekatwa, tangu wimbo wa kwanza." Mama alikuwa bado anapapasa. "Mwanangu, lile jani la gitaa mimi sijapata kuliona. Ulipolichonga macho yalikuwa yameshakwenda. Nilikuwa naambiwa tu."

"Na ile sauti iliyokuwa inateleza?" Bi Randa aliuliza.

"Niliisikia kila siku. Uzi umekwama, nikasema moyoni, uzi huu umevutwa upande. Ila ulikuwa umelichonga kwa ajili yangu. Ningeanzaje?"

Kidole akapiga magoti kati yao, akasema kumbe ni yeye peke yake aliyekuwa anateswa na mapenzi ya watu wawili wasiosema. Wakacheka mpaka wapanga viti wakawageukia.

Mama akauliza zile ncha ziko wapi, kama hazijaingia jikoni. Hazikuwa zimeingia. Bi Randa alikuwa amezificha nyuma ya mbao.

Sasa moja inakunjiwa uzi mweupe, nyingine mweusi. Mama huanza kwa kuupitisha uzi kwenye tundu la ufunguo, akavuta, akazungusha, bila kutazama. Foronya hashoni tena. Huwakunjia uzi majirani wenye macho, na kuwakosoa mishono kwa kuipapasa. Gitaa la Kidole mtaani linaitwa Mwiko, na hakuna anayesema linapendeza.

Jua lilikuwa limeshaondoka dirishani. Bi Randa aligusa gundi kwa ukucha, akatikisa kichwa. Bado. Mlangoni uzi ulikuwa unapita kwenye tundu, umenyooka, na mimi sikuwa na haraka tena.