Chaza Wanono wa Bi Hafidha

Maji yamekupwa. Bi Hafidha Mbaruk amejifunga kanga kiunoni, amezama topeni hadi magotini, anabandua chaza kwenye mizizi ya mikoko kwa kisu butu. Huku, mbali na mji wa Kilifi, chaza ni wadogo mno. Awatazama, asonya.

"Wale wa kule walikuwa wanono, mashaallah," asema. Unono huo ndio uliomponza.

Kule ni nyuma ya hoteli mpya. Wageni wake huogelea upande wa maji maangavu, uchafu wao ukateremkia mkokoni kwa akina yahe. Mwaka juzi, 1984, bintiye Harusi alipojifungua, Bi Hafidha alimpikia mzazi supu ya chaza ya kuleta maziwa, kama alivyopikiwa yeye na mamake. Na kwa kuwa ni mwanawe wa pekee, akamchagulia walionona kuliko wote, wa karibu na bomba la majitaka ya hoteli. Akawachemsha kidogo tu, utamu usipotee.

Lo! Kufikia jioni Harusi alikuwa akitapika na kuhara. Aliponea chupuchupu, lakini maziwa yalikatika. Mtoto akalishwa uji mwepesi, na arobaini hakuifikia, maskini.

"Nimemuua mjukuu wangu kwa mkono huu," asema Bi Hafidha, wala hataki kubembelezwa.

Tabibu wa zahanati, Bwana Dedan, ndiye aliyemfungua macho. "Mama, chaza huchuja maji anamokaa. Yakiwa na kinyesi, unakila. Yakiwa safi, chaza huongeza damu."

Na damu ndiyo inayotakiwa sasa. Harusi ana mimba tena, macho yamemwia meupe, akiinuka hushikwa na kizunguzungu. Tabibu ameonya kwamba akijifungua katika hali hiyo, huenda asiinuke. Nyama hawaimudu. Chaza wapo, bure. Lakini Harusi amekula yamini kwamba kilichopikwa na mamake hakitapita kooni mwake. Hata maji ya kunywa huyateka mwenyewe.

Bi Hafidha hamlaumu. Hawa wadogo atawachemsha hadi waive kabisa, kisha ataketi mlangoni kwa Harusi, ale bakuli zima mbele yake, leo, kesho na keshokutwa.

"Nikiugua, mwanangu atakuwa amenusurika," asema, akijitwika kikapu. "Nisipougua, pengine atanikubalia kijiko kimoja."