Gari Jekundu Bondeni

Mume wangu ni mchora mabango, mtaa mzima unamwita Fundi Rangi. Walipompa kazi ya kuchora nguzo ya kupimia maji, pale barabara yetu inapozama bondeni, nilidhani ataimaliza mchana mmoja. Wapi!

Kwanza akaenda kuwahoji madereva. Kibao cha zamani kilikuwa na mstari mmoja, 0.5, na wengi waliusoma nusu futi.

"Ni nusu mita hiyo!" akafoka. "Futi moja na karibu inchi nane! Mnataka kukalia maji?"

Akachukua utepe wangu wa kushonea, akapima magari yao yote, ukarudi mweusi kwa grisi. Nilimnunia kutwa nzima. Kisha akaandika sentimita upande mmoja wa nguzo, futi na inchi upande wa pili. Chini akachora tairi lililolowa kidogo: vuka taratibu, gia ya kwanza, ukitoka kanyaga breki kidogokidogo zikauke. Kuanzia sentimita thelathini, yaani futi moja, akachora gari dogo jekundu limelala chali kama mende, matairi juu. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jumamosi mvua ikamwagika. Shemeji, mdogo wa mume wangu, alikuwa njiani akimleta mama mkwe kwa kigari chake. Shemeji huyo ana mdomo! "Gari langu linaogelea," ndiyo salamu yake. Tukapiga simu, haipokelewi. Tukatoka mbio, mimi na kandambili mguu mmoja.

Bondeni maji yalikuwa yamepita thelathini, yanakwenda kwa nguvu. Ng'ambo, kigari kikatokea kinateremka. Mume wangu akarusha mikono, akapiga kelele. Shemeji akadhani tunampokea kwa shangwe, akatuwashia taa!

Mara breki zikalia. Gari likaserereka, likasimama matairi ya mbele yakiramba maji. Mlango ukafunguliwa, mama mkwe akashuka na mwavuli wake, akinyoosha kidole kwenye nguzo. Maji yalikuwa yamelifikia lile gari jekundu, yanalichezesha, ungeapa linaelea kweli.

"Rudi nyuma! Huoni mwenzio kapinduka pale?"

"Mama, ile ni picha tu!"

"Na mimi sitaki kubaki picha ukutani! Rudi nyuma!"

Shemeji akarudi nyuma. Lori lililomfuata likasimama, teksi ikasimama, foleni ikapanda mlima mzima, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuvuka. Nikamrukia mume wangu shingoni palepale na matope yangu, nikapiga vigelegele peke yangu kwenye mvua, na kutoka ng'ambo mama mkwe akanijibu.