Visahani Viwili

Bi Pasi alikuwa na ulimi mkali kuliko pasi yake ya makaa. Miaka yote alikuwa ameishi kwa kufua na kunyoosha nguo za watu, na mambo ya kukauka hakuna aliyeweza kumdanganya: nguo iliyotandazwa hukauka kabla ya iliyokunjwa, upepo husaidia kama jua, na chumba chenye joto hakikai na maji. Kwa hiyo nepi za mjukuu wake zilipokataa kukauka chumbani kwa mkwe, wiki nzima zikinuka uvundo, hakutaka maelezo. Mke wa mwanawe alikuwa mvivu, hakamui.

Mkwe alijaribu kusema kwamba ukuta wa chumba kile ulikuwa unatoka jasho tangu mwenye nyumba aweke tangi la maji juu ya dari. Bi Pasi alicheka mpaka akajishika mbavu. Akaamuru nepi ziendelee kuanikwa mlemle, na mkwe asitoke mpaka aanue ya mwisho. Kitanda cha mtoto pia ni Bi Pasi mwenyewe aliyekisukuma ukutani, mbali na upepo wa dirisha.

Mwanawe, dereva wa malori ya mbali, alipopiga simu kumtetea mkewe, ndipo Bi Pasi alipopandwa na hasira hasa. Akachukua visahani viwili vya seti moja, akatia maji ya kufunika kitako tu, sawa kwa sawa. Kimoja akakiweka chumbani kwake, kingine kwa mkwe. Madirisha yote akayafunga, upepo usije ukapendelea upande. Maji hayana uvivu, alijisemea. Yakikauka kotekote, leo bibie hana pa kujificha.

Jioni kisahani chake kilikuwa kikavu. Cha mkwe kilikuwa na maji yake vilevile.

Alishuku visahani. Kesho yake akavibadilisha vyumba, akavuta na mapazia ili jua lisiingie popote. Ikawa yaleyale. Bi Pasi alisimama akikitazama kile kisahani kilichokataa kukauka, na kicheko chote kikamwisha mwilini. Hewa ya chumba kile ilikuwa imeshiba maji, haikuwa na nafasi ya tone jingine, na nepi chache haziwezi kushibisha chumba kizima.

Alisogeza kitanda cha mtoto, akabonyeza ukuta. Rangi ilikuwa imevimba. Kidole chake kilizama kwenye tofali kama kwenye ugali, na kutoka darini vumbi la chokaa likamwagika juu ya mto wa mtoto.

Alimnyakua mjukuu, akakimbilia ukumbini. Alipogeuka, mkwe alikuwa bado juu ya stuli akianua nepi, kama alivyoamriwa. Huko juu mbao zikaanza kulia. Bi Pasi aliona aibu, na hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Tangu binti yule aolewe alikuwa akimwita "wewe" tu, lakini sasa neno jingine lilimtoka lenyewe.

"Mwanangu, ziache hizo. Toka."

Mkwe hakushuka. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuitwa hivyo isipokuwa mumewe, basi aligeuka kutazama mlangoni, nepi mkononi, akasubiri kumwona akiingia.