Gari Waliloliacha kwenye Theluji

Fridah Kawira alikulia Nkubu, akiuona weupe wa kilele cha Mlima Kenya kila asubuhi mawingu yalipokubali. Theluji yenyewe, hata hivyo, aliikanyaga mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini na minne, katika ugeni juu ya ugeni. Alikuwa yaya wa familia moja ya Al Warqa, Dubai. Novemba ya mwaka juzi Sir Wahid na mkewe waliamua kuizunguka Aisilandi kwa gari, wakamchukua ili amwangalie binti yao Hessa, aliyekuwa na miaka minne.

Siku tatu za kwanza zilipita kwa raha. Sir aliendesha, madam alipiga picha maporomoko ya maji, na Fridah kiti cha nyuma alimmenyea Hessa machungwa. Siku ya nne waliingia kaskazini. Huko hapakuwa na mji wala mti, ila barabara moja nyembamba na mawe meusi yaliyoanza kufunikwa. Kufika saa kumi jua lilikuwa limeshaaga. Simu hazikushika mtandao, na upepo uliivuruga theluji hata mbele pakawa kama maziwa.

Ndipo walipolipita gari dogo limeinamia mtaroni, taa zake za tahadhari zikiwaka na kuzima. Fridah aliona kiganja cha mtu kimebandikwa kwenye kioo, kwa ndani.

"Sir, kuna mtu," alisema.

"Hamna mtu. Limeachwa hilo."

"Nimeona mkono, sir."

Madam aligeuka akamtazama mumewe. "Wahid, tusimame?"

"Na mtoto humu ndani? Tukisimama hapa na sisi tutakwama. Khalas."

Fridah hakuongeza neno. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye kuliko yote, kwamba hakuongeza neno. Mtu wa kazi huijua ile khalas, yaani basi, mjadala umekwisha, ikitamkwa vile.

Ilipita karibu saa nzima kabla hawajafika kituo cha mafuta. Alimpeleka Hessa chooni, na walipotoka akamwendea mama wa makamo aliyekaa kaunta, akamweleza gari lilivyokaa na alichokiona. Yule mama alipiga simu papo hapo. Kisha akaomba namba ya Fridah, huenda waokoaji wakahitaji kumuuliza jambo.

Ujumbe wa yule mama ulimkuta Fridah Al Warqa wiki moja baadaye, akikunja nguo za mtoto. Gari waokoaji walilikuta usiku uleule, likiwa tupu. Mwenyewe, mzee mfugaji wa kondoo, walimpata siku ya tatu, ameshakufa. Alikuwa ametembea kilomita nne kwa miguu, akielekea upande waliokwenda akina Fridah.

Fridah alimpelekea Sir ile simu. Aliusoma ujumbe amesimama, akairudisha.

"Ile ilikuwa barafu kwenye kioo," alisema. "Mimi niliangalia vizuri. Huyo mtu alikuwa ameshaondoka zamani, kabla yetu."

Tangu hapo Fridah hakuwa peke yake. Akifuta mlango wa kioo wa sebuleni, jua la Dubai likichoma bustani, alikiona kile kiganja upande wa pili. Kilikuwa na kidole cha mwisho kilichopinda, na hakujua kama kweli aliwahi kukiona kidole hicho au alikuwa anamtungia marehemu mwili. Ndani ya gari, wakimpeleka Hessa shule, aligeuka nyuma kila mara. Alihisi mtu anawafuata kwa miguu, polepole, hafiki wala hachoki.

Siku zake za mapumziko alikwenda Al Nahda kwa rafiki yake Leah, Mtanzania wa Iringa aliyefanya kazi saluni.

"Dada, muombee tu apumzike," Leah alimwambia.

"Nimemuombea, Leah. Bado anatembea."

Zipo siku aliyashika maneno ya Sir kama mkongojo. Huenda ilikuwa barafu. Huenda macho yalimdanganya. Mkataba ulipokwisha aliaga, akapata kazi ya usafi wa vyumba katika hoteli moja ya Al Mankhool, mjini humohumo, akidhani mambo ya nyumba ile yangebaki kwenye nyumba ile.

Alasiri moja mwaka huu aliitwa mapokezi. Sir Wahid alikuwa amekaa pembeni, amekonda, funguo za gari mkononi. Hakuuliza habari za kazi.

"Wewe uliona mkono," alisema. "Mimi nilimwona mtu mwenyewe. Kwenye kioo cha pembeni, tulipompita. Alifungua mlango akatoka, akawa anatukimbilia, anapunga mikono yote miwili."

Fridah alivuta kiti akaketi.

"Na ukaniambia ni barafu."

"Nilikwambia. Nisamehe."

"Si mimi wa kukusamehe, sir."

Fridah alitoa simu yake, akaitafuta namba ya mama wa kituo cha mafuta, akaisoma tarakimu moja moja. "Atakuelekeza kwa watu wake. Piga mwenyewe."

Sir aliinakili, akainuka, akatoka bila kuaga. Kama alipiga au hakupiga, Fridah hajui mpaka leo. Alibaki kitini muda kidogo, sasa akimwona mzee mzima mzima, mikono juu, theluji usoni. Kisha akapanda ghorofa ya nne, ambako vyumba sita vilikuwa bado havijatandikwa.