Kilo Nane Bila Njaa

Daktari alisema niongeze kilo nane ndipo anifunge tumbo. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionikera zaidi. Alikuwa kijana aliyehamishiwa Kasulu kutoka mikoa ya mbali, shati limepigwa pasi, mashavu yamejaa, na nilijua akitoka pale anakwenda kula bila hata kufikiria anachokula. Mimi nimekaa mbele yake na mfuko wa plastiki umebandikwa ubavuni. Homa ya matumbo ilinitoboa utumbo. Wakanipasua, wakaniokoa, wakautoa utumbo nje kwenye ngozi ili choo kipitie huko kwa muda. Kuurudisha ndani ilikuwa kazi ya operesheni ya pili.

"Nikikupasua ukiwa umekonda hivi, mshono hautashika," akasema. "Ongeza kilo nane, tutaurudisha."

Maisha yangu yote nimelima maharage Heru Juu na kuyapeleka sokoni. Kilo nane nazibeba kwa mkono mmoja huku nikiongea na simu kwa mkono wa pili. Kuzitia mwilini ndiko kulikonishinda, na nilianza kuuchukia mwili wangu kama mtu anavyomchukia mpangaji mkorofi.

Asiyewahi kukosa hamu ya kula anadhani ni sawa na kushiba. Aliyeshiba amepata kitu. Mimi nilikuwa mtupu na bado chakula kilinichukiza. Harufu ya ugali wa muhogo ikitokea jikoni natamani kuhama nyumba. Tonge linafika kinywani, nalitafuna, nalitafuna, koo halitaki. Nikifanikiwa kulimeza, najua linakokwenda. Muda si mrefu nitalisikia likiingia kwenye mfuko, la moto, na itanibidi niende kulimwaga nyuma ya nyumba nikiwa nimejifunga kitenge cha mke wangu. Nani ana hamu ya kujaza mfuko wa namna hiyo?

Halafu wageni. Kila mwanamke aliyepita njiani na jembe alisimama kwenye ua kunisalimu kwa Kiha. "Mwakeye? Eee, mbona umebaki shingo! Jilazimishe kula, baba." Ningeweza kuwarushia kigoda.

Afisa lishe wa pale hospitali angalau aliongea mambo ya maana. "Usisubiri njaa," aliniambia. "Njaa haiji. Kula kwa saa, kama unavyomeza dawa. Mara sita kwa siku, kidogo kidogo. Chai ya rangi achana nayo, inajaza tumbo bure. Kunywa uji, na kwenye uji tia karanga za kusaga, tia kijiko cha mawese, ponda na parachichi. Maji yafuate chakula, yasitangulie." Yote yalikuwa sahihi, hilo siwezi kumnyima. Hakuuliza mawese na karanga vitatoka wapi, na mimi kwa kununa kwangu sikumwambia.

Kwetu wanaume tunakula kwa kaka mkubwa. Jioni kila mke anapeleka alichopika, linawekwa sinia moja katikati, na sisi ndugu wanne tunalizunguka. Niwaambie ukweli, sinia la pamoja ni mahali pazuri sana pa kutokula. Namega tonge dogo, nalifinyanga, nalichovya kwenye mchuzi, naanza habari za bei ya maharage kule Mabamba, nalichovya tena. Mikono ni mingi, hakuna anayejua upi umefanya kazi na upi umekuja kutembea tu.

Samaki akiwepo ndiyo inakuwa sarakasi. Kaka mkubwa anamsogeza kwa anayemfuata. Anayemfuata anamsukuma kwangu: "Kula, mdogo wangu, wewe ndiye mgonjwa." Mimi namrudisha kwa adabu. Samaki anazunguka sinia zima, halafu anarudishwa jikoni karibu mzima. Nilikuwa nawacheka moyoni na ustaarabu wao, na nafsi yangu inashukuru kwamba hakuna aliyenilazimisha. Niliporudi kwenye mizani nilikuwa nimepungua.

Mke wangu alisimama pale akitazama ule mshale. Tulipofika nyumbani akafungua kilemba, akakikung'uta vumbi.

"Kuanzia leo utakula jikoni," akasema.

"Na nani?"

"Na sisi."

Nilifoka mpaka mfuko ukataka kubanduka. Mwanaume mzima, jikoni, kwenye moshi, katikati ya masufuria na watoto wa kike! Kaka zangu wakasikia, na mmoja akasema siku hizi mimi ndiye niliyeolewa. Nilimchukia. Nilimchukia mke wangu, nilimchukia daktari na pasi yake. Lakini nilikwenda, kwa sababu mfuko ule ulikuwa umenichosha kuliko aibu.

Nikakaa kwenye kigoda, mgongo ukutani. Mbele yangu sahani yangu peke yangu: ugali, maharage yanayong'aa mawese, kipande cha samaki, mgebuka wa kukaushwa. Mabinti zangu wawili, mkubwa wa miaka minane na mdogo wa mitano, walikuwa na sahani yao upande wa pili. Siku za mwanzo nilichokonoa tu. Nikaendelea kuchokonoa, mke wangu akiendelea kunitazama, na mimi nikiendelea kumchukia kwa kunitazama.

Kisha mchana mmoja mkono wa binti yangu mkubwa ukavuka, ukaingia kwenye sahani yangu, ukachukua mkia wa samaki.

Sijui nini kilinipata. Niliudaka ule mkono hewani. "Wewe! Hiyo ya nani?" Akacheka kwa woga, kipande bado kiko vidoleni. Nikamnyang'anya, nikakitia mdomoni, nikakitafuna huku nimemkodolea macho, nikakimeza. Kikapita. Kwa mara ya kwanza tangu niugue, kitu kilipita bila kubembelezwa. Haikuwa njaa, zilikuwa hasira za kuibiwa, ila koo halikujali tofauti. Nikaizungushia sahani yangu mkono wa kushoto, nikamega tonge, nikamega jingine, na nilipoinua uso nusu ya chakula ilikuwa imekwisha. Mke wangu alikuwa amegeukia mafiga, mabega yakimtikisika. Nikajua anacheka.

Basi hiyo ikawa dawa yangu. Uji wa asubuhi niliunywa nikiwa nimekishika kikombe kwa mikono miwili, kwa sababu mdogo alikuwa amekisogelea na kukikodolea macho. Parachichi la saa nne nililila nikiwa nimesimama. Mikono yao ikija, naipiga kofi dogo. "Wezi nyie! Mtanimaliza!" Nao wanacheka, wanarudisha mikono, wanalamba vidole. Nilidhani wameelewa mchezo na wanamsaidia baba yao apone. Nilijisifu hata kwa afisa lishe kwamba nimepata njia yangu, inaitwa ugomvi. Akacheka sana.

Kilo zikaja. Ya kwanza kwa shida, ya pili, ya tatu, na zilizofuata zikaja kama zimekumbuka njia. Zilipofika sita daktari akanikandakanda tumbo, akaridhika. "Zimebaki mbili," akasema. "Ukizileta mwezi ujao, nakufunga." Nilitoka pale nikitembea kama mtu mwenye mali.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tunajiandaa kwenda kanisani. Binti yangu mdogo alitaka kuchukua kitambaa chake kilichoanikwa kwenye kamba, hakukifikia, akaninyooshea mikono. Nilikuwa nimekatazwa kuinua kitu kizito. Nikasahau, nikamkamata kwapani, nikamwinua. Akapanda kirahisi, moja kwa moja, bila mimi hata kukaza meno.

Furaha niliyopata sijui niieleze vipi. Mtu aliyekuwa akishindwa kubeba ndoo nusu ya maji!

"Mama watoto!" nikaita. "Njoo uone, nguvu zimerudi!" Nikamshusha, nikamwinua tena ili mama yake aone vizuri.

Mke wangu akasimama mlangoni, sufuria mkononi. "Mshushe," akasema.

"Wala hanilemei."

"Najua hakulemei. Si wewe uliyepata nguvu. Ni yeye aliyepungua."

Nikamshusha. Gauni lake la kanisani, lililokuwa likimbana kabla sijaugua, lilikuwa limekunjwa kiunoni na kushikizwa kwa pini. Nikamtazama mkubwa aliyekuwa amekaa kizingitini akifunga viatu. Mifupa ya mabega yake ilikuwa imesimama chini ya nguo. Miezi yote ile nilikuwa nakula nao goti kwa goti, na macho yangu yalikuwa kwenye sahani yangu.

"Tangu lini?" nikamuuliza mama yao.

"Tangu uanze kula mara sita." Hakupandisha sauti. "Mawese ni chupa moja. Karanga ni kibaba kimoja. Ulitaka nigawe vipi? Maharage ya mbegu tumeshayala. Mapya bado yana maua. Mbuzi tulimuuza ulipokuwa umelazwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekula?"

Hasira zikanipanda. Sikwenda kanisani. Nilikwenda kwa kaka mkubwa, viatu sijafunga kamba, nikamsimamia mbele na kumwambia yote: kwamba watoto wangu wanalala na ugali mkavu wakati wao wanasukumiana samaki kwenye sinia kwa majivuno, mpaka anarudi jikoni kwa sababu hakuna mwenye ujasiri wa kumla. Nilipiga kelele. Nilimwita mnafiki, mimi, mdogo wake wa mwisho.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Kwani wewe ulidhani anarudi jikoni kwa ajili ya nani?" akasema. "Anarudi kwa watoto, mdogo wangu. Sisi sote tulikuwa tunajua. Tulidhani na wewe unajua."

Nikasimama pale nikiwa bado na hasira tele na sina wa kumtupia. Wake za kaka zangu walikuwa wamekonda pia. Sasa nilikuwa nawaona. Ile ilikuwa miezi ya kungoja mavuno, na kijiji kizima kilikuwa kinagawana kilichopo, kimyakimya, isipokuwa mimi niliyeambiwa na daktari nile na nisifikirie kingine. Nilimlaani yule daktari njia nzima ya kurudi. Angeuliza swali moja tu, unakula na nani nyumbani. Hata hilo lisingenisaidia, najua, maana ningedanganya.

Mchana mke wangu akaniwekea sahani yangu kama kawaida. Nikaichukua, nikaipeleka mbele ya mabinti.

"Kuleni."

Hawakugusa. Mkubwa alimtazama mama yake, akaficha mikono nyuma ya mgongo, na mdogo akamwiga. Walikuwa wameshaambiwa.

"Kuleni, nimesema!"

Mke wangu akaiokota sahani, akairudisha magotini pangu, akaishikilia hapo kwa mikono yake miwili ili nisiiondoe tena. Uso wake ulikuwa karibu na wangu na macho yalikuwa mekundu, na sikuweza kusingizia moshi.

"Kilo mbili," akasema. "Wakila hii leo watashiba leo. Wewe usipofungwa, msimu ujao nani atashika jembe? Mimi peke yangu? Unataka wakonde mwaka mmoja au wakonde siku zote? Kula."

Nilitaka kulipiga teke lile figa. Nilitaka kuung'oa mfuko na kuutupa motoni. Nilimega tonge, nikalichovya kwenye mawese, nikalimeza, na safari hii sikuizungushia sahani mkono, maana hapakuwa na mwizi. Nikala mgebuka wote hadi kichwa. Nikapangusa mafuta yote kwa tonge la mwisho. Sikuwa na njaa hata chembe. Waliokuwa nayo walikuwa wamekaa mbele yangu, wananisubiri nimalize.