Maski Kubwa Niliyoichagua Mwenyewe

Nitawaambia, lakini mkicheka mchekee kando, kwa sababu aibu hii bado haijapoa na mimi si mtu aliyezoea kuchekwa. Mimi ndio yule mnayemjua, niliyeacha shule darasa la sita nikabeba kuni kwa mgongo, leo nina malori yangu na nauzia viwanda vya majani chai kuni za kuwashia boila kutoka hapa Kericho hadi kule Bomet ndani. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Kila kitu nilijipimia mwenyewe, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia, kwa sababu siku niliyopimwa na mtu mwingine nilikataa kipimo.

Ilianza na kukoroma. Mama Kiprono, mke wangu, amevumilia kukoroma kwangu miaka yote bila neno (mwanamke mzuri sana, siwezi kukataa), lakini mwaka huo akaanza kusema kwamba kukoroma si kitu, kitu ni ile saa ninanyamaza. "Unanyamaza kama redio imetolewa betri," akaniambia, "halafu unashtuka kama mtu ametolewa majini. Siku moja hutashtuka." Na kweli mchana nilikuwa nasinzia kila mahali, hata kwenye foleni ya mizani ya kiwanda, lori zinanipita watu wakipiga honi. Nikaenda hospitali mjini Kericho, nikalazwa na nyaya kichwani kama stima inaunganishwa, daktari akasema pumzi yangu inakatika nikilala, kwa hivyo nitatumia mashine ndogo ya kusukuma hewa, na hewa inaingia kupitia maski ya usoni. Usiku wote. Kila usiku.

Sasa sikieni uamuzi mdogo ulionimaliza. Msichana wa kupima maski, mtoto wa Kisii mwenye sauti ya upole, akaniwekea kiplastiki fulani kwenye pua, akaangalia, akasema, "Mzee, wewe ni saizi ndogo. Tena hii ya pua peke yake itakutosha."

"Ndogo? Mimi?"

"Ndio, mzee."

"Niangalie vizuri. Hili shati ni la fundi, dukani hakuna la kunitosha."

"Maski haiangalii mwili, mzee, inaangalia pua."

Kama tungekuwa wawili pengine ningekubali. Lakini kwenye benchi kulikuwa na watu, na mmoja wao ni mwanaume wa Soin tunayeshindana naye kuuza kuni, na huyo akatabasamu kidogo tu, upande mmoja wa mdomo. Basi. Nikasema nipewe kubwa kuliko zote, ile ya kufunika pua na mdomo, na nikaibeba kama mtu aliyenunua ng'ombe wa gredi, yule wa maziwa mengi. Yule msichana hakubishana. Alisema tu, "Ikivuja urudi nikubadilishie. Usijilazimishe." Kurudi ilikuwa bure na ningeweza kurudi siku yoyote. Nawaambia hivyo mjue kwamba sina mtu wa kulaumu.

Ilivuja tangu siku ya kwanza. Hewa ilitokea juu ikanipuliza macho yakakauka, ikatokea kando ikapiga mluzi, Mama Kiprono akauliza ni nani ameacha birika jikoni. Mtu mwenye akili angerudi. Mimi nikachukua blada, ile mipira myeusi watu wanafungia mizigo kwenye pikipiki, nikazungushia maski kichwani nikavuta kama nafunga kuni. Mluzi ukapungua, lakini asubuhi nilikuwa na mifereji miwili kwenye mashavu, na usingizi wenyewe sikuuona kwa sababu ya maumivu. Mama Kiprono akaniambia, "Si urudi wakupe ile ndogo?" Nikamwambia uso utazoea. Uso gani? Baada ya muda nikawa navaa siku moja, naacha tatu, na mchana nalala nikiwa nimesimama.

Wakati huo kijana wangu Kiprono alikuwa amepata msichana wa Kimulot, Chelagat, muuguzi wa zahanati, mtoto mwenye adabu na macho yanayoona mbali. Tukapangiwa siku ya koito, yaani siku ya kwenda kwao kuongea mambo ya mahari na wazee wakubaliane mbele ya watu. Na kulikuwa na haraka, si ya vijana, ni ya nyanya yake msichana, Gogo wao, aliyemlea Chelagat kutoka akiwa wa kubebwa mgongoni. Gogo alikuwa mzee sana na kifua kilikuwa kinamsumbua. Kwetu, wazee wakishakubaliana, vijana wanaitwa mbele wanapakwa siagi kwenye paji la uso, ndio baraka yenyewe. Gogo alikuwa ametuma neno kwamba hiyo siagi ataisukasuka mwenyewe na ataipaka kwa mkono wake mwenyewe, na tusichelewe, kwa sababu yeye hana siku nyingi za kutugawia.

Usiku wa kuamkia koito nikasema leo nitavaa maski vizuri ili kesho niwe macho. Nikaifunga blada kwa nguvu zote. Sikulala hata kidogo.

Kwenye gari, tukipanda kuelekea msitu wa Mau na ukungu umefunika majani chai yote huwezi kujua shamba linaishia wapi, Kiprono akaniambia, "Baba, Chelagat amesema ukiulizwa mambo ya ugonjwa, uwaambie tu hii ya usingizi. Wazee wao hawaogopi ugonjwa. Wanaogopa kufichwa."

Nikamwambia, "Wewe endesha gari. Kuongea ni kazi yangu."

(Hata hiyo haikuwa kazi yangu. Kwa desturi baba wa kijana anakaa kimya na msemaji wa ukoo ndiye anaongea. Lakini mimi nilikuwa nimemwambia msemaji wetu apumzike, hakuna mtu anaweza kunisemea.)

Tukapokelewa vizuri. Nyumba ina joto, jiko la makaa katikati, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, nikawekwa kwenye kochi la mbele. Gogo alikuwa ameketi kando ya jiko, shuka mabegani, na mkononi ameshika kibuyu kidogo cha siagi, hakukiweka chini hata alipotusalimia. Chelagat hatukumwona. Msichana hukaa chumba cha ndani na wanawake mpaka aitwe.

Msemaji wao alikuwa mjomba wa msichana, mwalimu mstaafu, mtu mwembamba anayeongea polepole kama bado anaandika ubaoni. Kitu cha kwanza aliniangalia mashavu.

"Mzee, hizo alama ni za nini?"

"Kamba ya kuni ilinichapa," nikasema. "Kazi za wanaume, Mwalimu."

Akatikisa kichwa. Halafu akafika kwenye maswali ya ukoo, yale ambayo lazima yaulizwe: kwenu kuna kifafa? Kuna wazimu? Kuna ugonjwa wowote nyumbani ambao mtoto wetu atakuja kukutana nao?

Nilisikia Mama Kiprono akivuta pumzi pembeni yangu. Nikamwona Kiprono akiangalia viatu vyake. Bado nafasi ilikuwepo, marafiki zangu. Ilikuwa ni sentensi moja tu.

Nikacheka. Nikasema, "Mwalimu, ugonjwa kwangu unaingilia wapi? Mimi dawa ya maumivu ya kichwa sijui hata rangi yake. Kwangu watu wanakufa na uzee, na wengine hata uzee tunaukataa."

Wazee wakacheka. Gogo naye akacheka, bila meno, akagonga kile kibuyu na kidole kwa furaha. Tukapewa mursik, maziwa ya kibuyu mazito yenye majivu, nikanywa kikombe, nikaongezewa, na Mwalimu akaanza kutueleza ukoo wao kutoka walipohamia. Jiko linawaka. Sauti yake inaenda polepole, polepole.

Yanayofuata niliambiwa, kwa sababu mimi sikuwepo.

Nilianza kukoroma Mwalimu akiwa bado kwa babu wa babu yake. Akapandisha sauti. Na mimi nikapandisha. Mama Kiprono akanifinya paja, nikanguruma kama lori limekwama kwenye matope ya Konoin, na kule jikoni wasichana wakaanza kucheka, mmoja akauliza kama wageni walikuja na nguruwe. Kufikia hapo ilikuwa aibu ya kawaida, ningeomba msamaha na mambo yaishe. Halafu nikanyamaza.

Wanasema nyumba nzima ilinyamaza pamoja na mimi. Kifua hakisongi. Mdomo umeanza kuwa mweusi. Gogo, aliyekuwa ananitazama uso kwa uso, ndiye alipiga kelele: "Mgeni amekufa! Mgeni amekufa kwetu!"

Kelele hiyo ndiyo iliniamsha. Niliivuta pumzi na sauti kama breki za hewa, nikarusha miguu yote miwili, meza ikapinduka, mursik ikamwagika juu ya Mwalimu, juu ya vitambaa vyeupe, juu ya shuka ya Gogo. Na mlango wa ndani ukafunguka, Chelagat akatoka mbio, bila kuitwa, kitu ambacho msichana hafanyi siku hiyo, akanishika taya akainua kichwa changu, akanilegeza tai. Nilipofungua macho, uso wa kwanza kuona ulikuwa wa huyu mtoto ambaye nilikuja kumwomba kwa heshima.

"Baba," akaniambia kwa sauti ya zahanati, "jana ulilala na mashine?"

Mwalimu, maziwa yakimdondoka kwenye kidevu, akauliza, "Mashine gani?"

Niliangalia dari. Mwishowe mke wangu, ambaye hajawahi kunikosoa mbele ya watu tangu nimwoe, akasimama akasema, "Pumzi yake hukatika akilala. Hospitali ilimpa mashine. Aliambiwa pua yake ni ndogo achukue maski ndogo, akakataa, akachukua kubwa, anaifunga na blada. Hizo ndizo alama mnaona. Si kamba ya kuni."

Jikoni wanawake walicheka mpaka sufuria ikaanguka. Lakini wazee hawakucheka. Mwalimu alijipangusa taratibu, akaketi.

"Mzee, kukoroma tungekusamehe," akasema. "Hata mimi nina sukari, na nilikuwa nikuambie zamu yangu ikifika. Lakini nimekuuliza mbele ya watu, ukanijibu na mzaha. Kama pua yako mwenyewe umetuficha, mtoto wetu akikosewa huko kwako tutajuaje? Kijana hatujamkataa. Leo hatuendelei. Nendeni nyumbani, mtarudi mvua ikipungua, na mje na mtu wa kusema."

Nikafungua mdomo. Mimi, mtu wa kuongea na mameneja wa viwanda. Nikaufunga, nikainama kuokota vikombe.

Tukiwa tunasimama, Gogo akavuta shati la Mwalimu. Shuka yake ilikuwa bado inadondosha maziwa. Akauliza kwa Kipsigis, kwa sauti ndogo kama ya mtoto, "Na siagi yangu?"

"Tutaiweka, Gogo. Watarudi."

Akaangalia kile kibuyu. Akaniangalia mimi. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

Kiprono aliendesha mpaka nyumbani. Nilitaka kumwambia pole, lakini neno hilo nilikuwa sijalizoea, likakwama. Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwa yule msichana wa Kisii kabla hajafungua. Hakucheka, hata hakuniuliza nilichelewa nini. Aliniwekea ile ndogo, ya pua peke yake, mikanda miwili laini, akawasha mashine akasema nilale kidogo kitandani pale nijaribu. Nililala mpaka wagonjwa wengine wakaanza kulalamika. Nilipoamka sikujua nilipo, lakini kichwa kilikuwa chepesi kama cha kijana, na nikaketi pale kitandani nikaona aibu upya. Kitu chepesi hivi. Ningekuwa nacho tangu mwanzo.

Mvua ya mwaka huo haikupungua haraka. Barabara ya Kimulot iliharibika, tarehe ikasukumwa, ikasukumwa tena, na kabla hatujaitwa Gogo akafa kwa kile kifua chake. Tulienda kumzika. Mwalimu alinishika mkono vizuri tu. Chelagat alinisalimia, "Chamgei, Baba," akanitafutia kiti. Hakuna mtu aliyenitupia neno siku hiyo, na kila salamu nilihisi kama nimepigwa.

Koito ya pili ilifanyika. Msemaji wetu akaongea, mimi nikakaa kimya, mpaka swali la ugonjwa lilipofika nikaomba ruhusa, nikafungua mfuko, nikatoa maski nikaivaa mbele ya wazee wote, nikawaeleza kila kitu hadi blada. Mwalimu akasema, "Sasa tumesikia." Vijana wakaitwa. Siagi ilipakwa na shangazi, kwa sababu yule aliyeahidi kuipaka kwa mkono wake hakuwepo, na Chelagat alipoinamisha paji la uso nilimwona akigeuza macho kwenye kile kiti cha kando ya jiko. Mimi sikuweza kukiangalia.

Sasa nalala vizuri. Mama Kiprono anasema nyumba imekuwa kimya mpaka anasikia mvua. Lakini jioni nikishika ile maski, kabla sijaivaa, naona kibuyu kidogo na mkono wa mzee unaokigonga kwa furaha. Sitajipimia tena kitu ambacho mtu mwingine anakijua kuliko mimi, na sitatuma mzaha ujibu swali la kweli. Nina malori, nina shamba, na nina pua ndogo. Nasema kwa sauti, hata kama hamjaniuliza.