Jike Niliyemtoa Shimoni

Mpaka leo nikimsikia mtu akisema "mbwa ni mbwa tu", damu inanichemka. Anayesema hivyo hajawahi kumtafunia mbwa chakula.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa mke mgeni, sijamaliza hata mwaka, katika kijiji kimoja upande wa Ushirombo. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye mgodi wa dhahabu wa Wazungu huko Geita. Nyumbani alionekana mara moja baada ya miezi mingi, nami niliachiwa mama mkwe, mbuzi na fisi. Njia yetu ya kisimani ilipita kando ya mashimo ya watafuta dhahabu waliochimba, wakakosa, wakaenda zao bila kufukia. Asubuhi moja nikasikia kilio ndani ya shimo mojawapo. Nikatua mtungi, nikachungulia. Walikuwa watoto wanne wa mbwa. Watatu walikwisha kufa, na wa nne alikuwa amepanda juu ya wenzake, analia.

Wote walikuwa majike. Ndiyo ilikuwa desturi: mbwa akizaa, madume wanabaki kuchunga na kuwinda, majike wanatupwa, eti jike huleta mbwa wa watu uani na kujaza nyumba watoto. Na mbwa aliyezaa wiki ile alikuwa mmoja tu, wa jirani yetu mwenye ng'ombe wengi. Jirani huyo, alipokuja kunywesha mifugo, alitutangazia wanawake kisimani kwamba amepata madume wawili na "takataka nne". Takataka! Shimo lilinifika kifuani, lakini hasira niliyoshuka nayo ndiyo iliyonipandisha.

Mama mkwe aliniona naingia na mtungi kichwani na mtoto wa mbwa ndani ya nguo.

"Mayu," aliniambia, kama tunavyomwita mwanamke kwa heshima, ingawa siku hiyo heshima ilikuwa ndogo, "maji umeleta nusu, na juu yake umeleta jike. Atakula nini? Sisi wenyewe tunakula michembe."

Kweli ulikuwa msimu wa michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, na hakuna aliyeshiba. Kila mtu kijijini alikuwa na neno la kuniambia kuhusu yule mbwa, ila hakuna aliyekuwa na maziwa. Nilikuwa namkamua mbuzi mmoja kidogo tu, nachovya kitambaa, namnyonyesha. Alipoota meno nikamtafunia michembe ya kuchemsha na kumlisha kwa kidole. Funza wakamwingia nyayo zote nne, nikawatoa kwa mwiba mmoja baada ya mwingine, huku yeye akinitafuna mkono kwa shukrani. Nikienda shambani nilimbeba kwenye kapu. Wapita njia walicheka wakasema yule bibi harusi hatimaye amezaa. Mimi sikuwa nimepata mtoto bado, na wao walijua vizuri wanachoma wapi. Niliwajibu kwa jembe tu, nikalima kwa nguvu mpaka mpini ukalegea.

Akakua. Mwanamke kwetu hapigi mluzi, kwa hiyo nilimwita kwa kugonga mwiko kwenye chungu, naye alikuja mbio hata akiwa mbali mabondeni. Alinisindikiza kisimani, alinilalia miguuni nikitwanga, na mgeni hakuvuka uzio wetu wa minyaa bila mimi kujua. Jioni moja, kabla sijafunga zizi, fisi alimkamata mwanambuzi. Mbwa wangu akamrukia fisi mguu wa nyuma, akang'ang'ania hapo hapo mpaka wanaume wakafika na mikuki. Mama mkwe siku ile alitoa mfupa kwenye bakuli lake mwenyewe akampa.

Miongoni mwa waliokuja na mikuki alikuwamo jirani. Siku ya tatu akaja tena, bila mkuki.

"Nimemfuata mbwa wangu," alisema. "Nakushukuru kwa kunitunzia."

Sikuamini masikio yangu. Kwetu mwenye ng'ombe wengi huweka baadhi yao kwa mtu mwingine. Mtunzaji anakunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe na ndama wote ni wa mwenyewe, hata ipite miaka ishirini. Ng'ombe akifa, mtunzaji humpelekea mwenyewe ngozi, ili ajue hakuuzwa. Basi jirani akadai mambo ni hayo hayo: mama wa mbwa ni wake, uzao ni wake, mimi nilikuwa mtunzaji tu. Nilipokataa akanishtaki kwa mwanangwa, mkuu wetu wa kijiji.

Na wazee wakakaa kumsikiliza! Hilo liliniudhi kuliko yeye mwenyewe. Walimjadili mbwa wangu bila hata kunitazama, maana mume wangu hayupo, na mwanamke hasemi barazani mpaka aulizwe. Jirani alikuwa na sauti nzuri na maneno mengi. Mzee mmoja akawa anatikisa kichwa kukubali, na mwingine akamfuata. Nikaona mbwa wangu anakwenda hivi hivi. Mama mkwe, aliyeketi nyuma yangu, akanifinya mgongoni.

"Sema," akaninong'oneza.

"Shikamooni, wazee," nikasema, bila kuulizwa. "Baba huyu anasema aliniwekea mbwa. Aliniwekea wanne. Watatu walifia kule shimoni alikowaweka. Mbona hajaja kunidai ngozi zao?"

Vichwa vikaacha kutikisika.

"Ngozi ya mbwa ni ya nini?" jirani akafoka.

"Basi mbwa si ng'ombe," akasema mwanangwa.

Ungedhani yaliishia hapo. Lakini wazee hawakutaka mwenye ng'ombe wengi aondoke mikono mitupu. Wakaamua mbwa abaki kwangu, ila akizaa, jirani achague mtoto mmoja, kwa ajili ya ujirani mwema. Nilirudi nyumbani na hasira yangu.

Alizaa watano, dume mmoja na majike wanne. Jirani alikuja walipofungua macho, akawapindua mmoja mmoja na kuwatazama chini ya mkia, akamnyanyua dume. Kisha akanigeukia kwa upole kabisa.

"Haya majike manne yatakulemea, mayu. Lile shimo bado liko wazi."

Alisema kwa huruma ya kweli, kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia ya mkato. Nikamnyang'anya yule dume, nikamrudisha kwenye ziwa la mama yake.

"Chagua jike," nikamwambia.

"Wazee walisema nichague ninayemtaka."

"Chagua jike, au nenda ukadai ngozi."

Akaenda moja kwa moja kwa mwanangwa kunishtaki. Nilikaa mlangoni siku nzima nikingoja kuitwa, na majibu nilikuwa nayo tele. Hakuna aliyekuja kuniita, wala kumchukua yule dume.

Asubuhi iliyofuata nikachukua jembe pamoja na mtungi. Nikalifukia lile shimo, na wale watatu wakiwa bado ndani, nikashindilia udongo kwa miguu mpaka ukawa sawa na njia, ndipo nikaenda kuteka maji.